Onyo Namba Moja

Tarehe 2 Machi

Binti yangu amerudi nyumbani na kompyuta mbili, begi moja la nguo na maneno mengi. Anakaa chumba kile tulichokuwa tunawekea mkaa na viti vilivyovunjika. Mama yake amekifagia na kukifagia, bado vumbi jeusi linatoka kwenye kona kama kunguni. Atakuwa hapa msimu wote wa mvua, kwa sababu anachosomea uzamivu wake ni bwawa letu, lile lililoko juu ya mto. Si bwawa lenyewe, anasema. Ni programu inayoliendesha.

Nikamwambia ukizamia huko usiniite, mimi sijui kuogelea.

Kanipa hii shajara ya ofisini ili niache kumsumbua. Shule niliachia darasa la sita, mimi na mwalimu wa hesabu tulichokana siku moja. Lakini kuandika naweza, na umbea ninao.

Tarehe 4 Machi

Nimemkalisha jikoni anieleze anachofanya.

"Baba, zamani ile programu ilikuwa kitu kimoja kikubwa. Ukigusa hapa, kule kunauma. Ikikwama, bwawa zima limekwama. Sasa nimeikata vipande. Wenyewe tunaita huduma ndogondogo. Kila kimoja kina kazi yake moja tu. Kimoja kinapima kina cha maji. Kimoja kinaandika onyo. Kimoja kinalituma kwenye simu za watu wa bondeni."

"Vinaongea?"

"Vinatumiana ujumbe."

"Kama wapangaji wa nyumba moja walionuniana, wanaachiana vikaratasi mlangoni."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Hivyohivyo. Na utafiti wangu unauliza: mpangaji mmoja akifa, nyumba itaendelea kuishi?"

Mama yake akadakia, amegeukia jiko: "Nyumba gani hiyo, mtu anafia ndani na wenzake wanaendelea kupika."

Tarehe 7 Machi

Mvua ya kwanza. Ya adabu tu, kama mgeni anayebisha.

Tarehe 11 Machi

Wiki hii binti anaua. Ndivyo anavyosema mwenyewe, na uso mkavu. Anakwenda kituoni kule bwawani, anachagua kipande kimoja, anakizima ghafla, halafu anatazama wenzake watafanya nini. Leo kaua kinachopima maji. Kikafufuka chenyewe kabla hajamaliza kupiga miayo. Wenzake hata hawakujua kwamba kulikuwa na msiba.

Amefurahi sana. Mkuu wa kituo, bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye tope, kampongeza mbele ya watu.

Kitu kinachokufa na kufufuka bila jirani kujua, mimi nakiogopa kidogo.

Tarehe 14 Machi

Nimeshuka kwa Fundi. Fundi ni fundi cherehani na ni rafiki yangu tangu tuna meno yote. Kibanda chake kiko mwisho kabisa wa ngazi za bondeni, ukuta wa nyuma unatazama mto. Mimi nakaa juu, yeye chini, na kila siku namwambia Mungu alitupanga kwa akili. Yeye hujibu kwamba takataka huanza kutupwa kutoka juu.

Nimemweleza mambo ya vipande. Akapitisha uzi kwenye sindano bila miwani ili anikoge, akasema: "Suti nayo ni vipande. Mikono peke yake, kola peke yake. Lakini mwisho lazima mtu ashone."

"Anashona mwanangu."

"Basi vizuri," akasema.

Tarehe 18 Machi

Vituko.

Asubuhi mvua ilikuwa kubwa, bwawa likafungua mlango mmoja, na simu za bondeni zote zikalia kwa pamoja: MAJI YANAPANDA. ONDOKENI SASA. Watu wakapandisha magodoro kwenye ngazi. Maji yakafika kizingiti cha kwanza yakarudi. Watu wakashusha magodoro. Simu zikalia tena. Wakapandisha. Hakuna maji. Wakashusha. Zikalia tena. Mpaka jioni zinalia, na jua linawaka.

Mimi nilikaa juu ya ngazi na kiti changu, nikawa nawahesabia pumzi. Nikalibatiza lile onyo Mama Mkwe: ana neno moja, na atalisema kutwa nzima. Kufikia magharibi bondeni kote linaitwa Mama Mkwe. Hata watoto.

Fundi mara ya mwisho hakuinua hata kichwa. "Mwache mama mkwe azungumze," akasema, akaendelea kupiga pasi.

Tarehe 19 Machi

Binti kasikia lile jina. Hakula.

Usiku nilipita mlangoni kwake, nikamwuliza kulikoni. Akanieleza bila kunitazama. Kipande kinachoandika onyo kilimpelekea mwenzake barua. Mwenzake akaifanyia kazi, akatuma onyo kwa watu, lakini mtandao ukameza jibu lake la "nimepokea". Basi yule wa kwanza akadhani barua haikufika, akaandika nyingine. Na nyingine. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa, anasema. Hakuna aliyekosea.

"Hakuna aliyekosea na magodoro yamelowa," nikamwambia.

Akafunga mlango. Pole pole, lakini akaufunga.

Tarehe 20 Machi

Mvua. Goti linauma. Mama yao, mke wangu, kanisema kwa sababu ya ulimi wangu.

Tarehe 26 Machi

Mvua siku zote hizi. Mto umebadilika rangi, sasa ni chai ya maziwa iliyozidi majani. Sauti yake inafika mpaka chumbani.

Tarehe 30 Machi

Kapata dawa. Nimeielewa hata mimi, ndiyo maana naiandika.

Kila onyo sasa linapewa namba na kipande kipya kabla ya kutumwa. La kwanza, namba moja. La pili, namba mbili. Yule mtumaji ana kumbukumbu yake ya namba alizokwisha kutuma. Ikija barua yenye namba anayoikumbuka, anajua hii ni marudio, anaitupa kapuni. Basi hata mwenzake akiandika mara mia, watu wataambiwa mara moja.

"Umemziba mdomo Mama Mkwe," nikasema.

Safari hii alicheka. Nikalala vizuri.

Tarehe 9 Aprili

Nitaandika kirefu maana leo ni siku ya binti yangu.

Kabla ya adhuhuri simu zililia. Mara moja. Watu wakatazamana. Wengine wakaanza kucheka, wakasubiri irudie. Haikurudia. Ule ukimya wa baada yake ndio uliowatoa watu ndani, wallahi. Mke wa Fundi alikuwa wa kwanza, na beseni la nguo kichwani, anamfokea mumewe: "Wewe baki na hiyo suruali, mimi sikuolewa nife na suruali ya mtu." Fundi akatoka. Wote wakatoka. Maji yakaja mpaka magotini kwenye vibanda vya mwisho, yakachukua masufuria na meza moja. Mtu hakupotea hata mmoja.

Jioni wanawake wa bondeni walipanda ngazi mpaka kwetu. Binti alikuwa anafua. Wakamshika mikono na mapovu yake.

Mimi nimekaa kwenye kiti changu kama niliyemzaa peke yangu.

Tarehe 10 Aprili

Kwa Fundi. Anaanika vitambaa juu ya kamba, kibanda chote kinanuka tope.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nimekubali. Mwanao ni kichwa. Sasa nifundishe. Ikisema, natoka?"

"Ikisema, imesema. Toka hata kama uko uchi."

"Na isiposema?"

"Isiposema kata kitambaa."

Akacheka, akakata kitambaa.

Tarehe 17 Aprili

Onyo namba mbili. Mara moja, watu wakatoka, maji yakaja, watu wakarudi. Imekuwa kazi ya kawaida kama kuanika nguo. Bondeni sasa hakuna anayetazama mto. Wanatazama simu.

Tarehe 22 Aprili

Binti na Mkuu wa kituo wamegombana. Kanieleza mezani, huku anachokonoa chakula. Anataka kuanza tena kuuaua vipande. Majaribio yale aliyafanya mwanzoni mwa Machi, kabla hajaongeza mambo ya namba. Kile kipande kinachotoa namba hajawahi kukiua hata mara moja, hajui kikifufuka kitakuwaje. Mkuu kasema hapana. Mvua zimekolea, mfumo unafanya kazi, watu wanauamini, wewe unataka kuuzima ili iweje?

"Na mimi nasema hapana," nikamwambia. "Mwanangu, watu wanalala sasa. Acha kuuaua."

"Baba, hujui unachosema."

"Najua watu wanalala."

Nilidhani ataendelea kubishana. Akasema, "Sawa. Mvua zikiisha."

Tarehe 1 Mei

Umeme unakatika na kurudi. Mama yao amewasha taa ya mafuta mchana kweupe, anasema anaizoeza.

Tarehe 5 Mei

Mvua imekatika. Jua. Watu wametandaza magodoro juu ya kuta. Lakini kule milimani mbingu ni nyeusi tii, na radi inasikika kama mtu anasogeza makabati ghorofa ya juu.

Tarehe 6 Mei

Tumerudi. Nguo zimebadilishwa. Mkono wa kushoto nimefungwa kitambaa. Binti yuko kituoni, hajarudi. Naandika kwa sababu siwezi kulala na siwezi kuongea.

Asubuhi umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Hakuna aliyejali. Jua lilikuwa kali, anga hapa kwetu safi kabisa. Nilikula mchana nyumbani. Mama yao akaacha kuosha vyombo, akasimama.

"Mzee, kuna malori?"

Nikasikiliza. Barabara ya malori iko upande mwingine. Sauti ilikuwa inatoka mtoni.

Nikatoka juu ya ngazi. Maji yalikuwa bado chini, lakini yalikuwa yamebeba mti mzima na mizizi yake, mlango wa bati, na ng'ombe. Yalikuwa yanakwenda bila kupiga kelele za juu, yananguruma kwa ndani tu. Nikatazama simu. Kimya. Bondeni watu wanapika, wanasuka nywele.

Nikashuka. Goti langu nilikuwa nimelisahau. Nikawa naita kila mlango, tokeni, tokeni. Wengine walitoka kwa sababu ya uso wangu. Wengine walitazama simu kwanza. Mama mmoja aliniambia, "Babu, leo umeamkia utani."

Fundi alikuwa kwenye cherehani. Sare za shule, zimepangwa mpaka dirishani, za kupelekwa kesho. Mkewe alikuwa amepanda juu kununua uzi.

"Toka," nikamwambia.

"Kaa upumue kwanza, utanifia dukani nifanye kazi ya kukuzika."

"Maji, bwana. Toka."

Akatazama mlangoni, jua limemwagika kwenye sakafu. Akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya cherehani, ikitazama juu. "Haijasema."

"Achana nayo."

"Wewe ndiye uliyeniambia. Mwanao kaitengeneza kwa mikono yake, leo unataka nimdharau mwanao?"

Hakuwa anatania. Hilo ndilo ninaloliona mpaka sasa. Miaka yote tumetaniana, na mara ile alikuwa ananiambia kwa heshima.

Nikamshika shati. Ndipo maji yakaingia chini ya ukuta wa nyuma, membamba, kama mtu kamwaga ndoo. Fundi akasimama. Akaelewa. Akasema, "Haya, haya, tangulia," akageuka kukusanya sare. Nikamwambia ziache. Akasema, "Ni za watoto wa watu." Alikuwa na bunda kifuani na kidevu juu yake ili zisianguke, na bado anatafuta pa kushika lingine.

Nilikuwa mlangoni. Ukuta wa nyuma haukuvunjika, ulilala tu, wote kwa pamoja, kama mtu aliyechoka. Baada ya hapo nakumbuka mkono wa muuza maji, yule kijana mwenye mabega, ananivuta kwenye ngazi na mimi nampiga anirudishe.

Simu yangu ilikuwa mfukoni muda wote. Haikulia.

Tarehe 7 Mei

Wametafuta mpaka jioni.

Tarehe 8 Mei

Wamempata.

Tarehe 9 Mei

Tumezika. Bondeni wamekufa watatu. Wawili wengine ni mama na mwanawe, nyumba ya pembeni. Kwenye msiba nilitakiwa niseme neno, mimi rafiki yake. Watu walikuwa wamejiandaa kucheka kidogo, maana wananijua. Nikasimama, nikakaa.

Tarehe 11 Mei

Binti hajalala tangu siku ile. Anasoma kumbukumbu za vile vipande vyake, mstari kwa mstari. Leo kaniita kwenye chumba cha mkaa, akaninyooshea kidole kwenye kioo. Mimi naona herufi tu. Akanieleza.

Kipimaji kiliona maji mapema. Kikaandika barua. Mwenzake akaandaa onyo. Yote sawa. Lakini umeme ulipokatika asubuhi ile, kipande cha kutoa namba kilikufa, kikafufuka, na kilipofufuka hakikumbuki kitu. Kikaanza upya kama mwaka mpya. Onyo lile kikalipa namba moja.

Na mtumaji, ambaye kumbukumbu yake haikufa, akatazama: namba moja? Hii niliituma Aprili. Akaitupa.

Maji yakaendelea kupanda, barua zikaendelea kwenda. Zote namba moja, maana ni onyo lilelile. Zote kapuni.

"Hakuna aliyekosea," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Mimi nimekosea, Baba," akasema.

Tarehe 13 Mei

Mkuu wa kituo amekuja nyumbani. Viatu amevivulia mlangoni, mama yao akavitazama kama panya. Akakaa. Akatoa pole nyingi. Kisha akasema ripoti itaandikwa kwamba mtandao wa simu ulizidiwa kwa sababu ya hali ya hewa. Ni jambo linaloeleweka. Shahada ya binti itaendelea, na kituo kitaendelea, na watu wataendelea kuuamini mfumo, na hilo ndilo la muhimu, si ndiyo mzee?

"Mvua hapa haikuwepo," binti akasema.

"Milimani ilikuwepo."

Alipoondoka, nikafanya kitu ambacho mwezi wa tatu ningemcheka mtu kwa kukifanya. Nikamwambia mwanangu anyamaze. Nikamwambia Fundi hatarudi. Nikamwambia watu hawa watakula nyama yako, wale wale waliokushika mikono na mapovu. Ukisema ni kosa la programu, nani ataangalia simu tena? Nani atatoka siku nyingine? Hata nilijisikia mwenye hekima.

Mama yake ndiye aliyejibu, mgongo umetugeukia: "Na wasipoambiwa, watatoka kwa nini?"

Tarehe 14 Mei

Mvua kidogo.

Tarehe 16 Mei

Asubuhi binti alivaa gauni jeusi, akatoka bila kuniaga. Nikachukua mkongojo nikamfuata. Alitembea mbele, hakunisubiri, wala hakunirudisha.

Mke wa Fundi anakaa kwa dada yake, nyumba ya vyumba viwili juu ya soko, imejaa watu wa bondeni waliokosa pa kwenda. Wengine wamelala koridoni. Alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Shemeji," akaniambia. "Leo huna neno?"

"Sina, shemeji."

Binti akapiga magoti mbele yake. Akaanza kueleza, maji, umeme, vipande, namba, akajichanganya, akaanza upya. Mke wa Fundi akamwekea mkono begani.

"Mwanangu, mimi sina elimu ya mashine. Wewe nijibu ninachokuuliza. Nimeambiwa mume wangu alikuwa anaitazama ile simu mpaka mwisho. Mashine haikuyaona maji?"

"Iliyaona, mama."

"Ilidhani tumeshahama?"

"Hapana, mama. Ilidhani mmeshaambiwa."

Nilisubiri kofi, au kilio, au mtu atutoe nje. Mke wa Fundi aliweka chini ile nguo. Akaitazama sura ya binti yangu kwa muda, kama mtu anayetafuta mahali ambapo kitambaa kimeanza kuchanika.

"Umeandika hivyo kwenye ripoti yao?"

"Bado. Nilitaka mjue kwanza. Nitaandika leo."

"Waite wa koridoni waingie," akamwambia dada yake. "Wote. Na yule mama aliyelala chumba cha pili."

Wakaingia, wakasimama ukutani, wengine mlangoni, hakuna pa kukanyaga. Mimi nilibanwa pembeni ya kabati.

"Sasa rudia," mke wa Fundi akasema.

Binti yangu akarudia. Sauti ilikuwa ndogo, watu wa mlangoni wakasema hawasikii, akarudia tena.